Sikuwa Nalia Kama Mbuzi, Nilikuwa Kazini

Kwa kuwa Kevo wa ploti yetu ameshawaambia kwamba nililia kama mbuzi mpaka beberu akaniposa, na kwa kuwa wengine wenu mmenitumia picha za mbuzi tangu asubuhi bila hata salamu, acha niseme mwenyewe. Kweli leo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa juu ya paa la ploti yetu, hili ghorofa la wapangaji hapa Zimmerman, Nairobi. Kweli nilikuwa nimevaa rifleta ya boda, ile vesti inayong'aa. Kweli kulikuwa na beberu. Hayo mengine, hasa ile habari ya kuposwa, ni ya Kevo.

Kazi yangu mnaijua. Naandikia Wamarekani makala wasizotaka kuziandika wenyewe, na mmoja wao amenigeuza bingwa wa kulungu. Si kulungu wetu wa msitu wa Karura, yule wa madoa anayebweka kama mbwa ukimshtua. Ni yule wa kwao wa mkia mweupe, mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Barani Afrika jamii hiyo ya pembe za kudondoka ina mwenyeji mmoja tu wa asili, naye yuko kule Algeria na Tunisia. Sijawahi kumwona hata mmoja. Lakini niulize. Nakuambia msimu wao wa kupandana unakolea katikati ya Novemba kwenye majimbo ya kaskazini, na kwamba wiki mbili kabla ya hapo ndizo tamu kwa anayewaita, maana madume wameshapandwa na joto na majike bado hawajawakubali. Nakuambia jaketi la rangi ya chungwa halimsumbui, haioni vizuri rangi hiyo, ila suruali ya jinzi ya buluu anaiona. Kodi yangu inalipwa na elimu hiyo.

Wiki iliyopita mteja akasema maandishi yametosha, sasa anataka sauti. Milio ya kumwita kulungu, kila mmoja na maelezo yake, kwa mtu anayeanza. Vifaa akanipa kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anakuja: bomba la mguno na kopo la jike. Nashukuru hakutuma na ile chupa ya mkojo wa kulungu jike, huko inauzwa dukani kama sosi, mimi ningeieleza vipi pale uwanja wa ndege?

Bomba la mguno ni filimbi iliyooa paipu ya mashine ya kufulia. Pana mdomo wa kupulizia, ndani kuna ulimi mwembamba wa plastiki wenye kipete cha mpira, halafu paipu ya mikunjo. Sogeza kipete ufupishe ulimi, sauti inapanda, huyo ni kijana. Uache mrefu, sauti inashuka, huyo ni mzee mwenye shingo nene. Wanaoanza hulipuliza kama vuvuzela, ulimi unanata, linatoka bata. Hulipulizi hivyo. Unatoa pumzi kutoka tumboni, vile unavyohemea miwani ili uifute. "Urrp." Chini ya sekunde moja. Miguno mitatu au minne, kisha unanyamaza dakika ishirini na hutikisiki. Mate yakijaa, unalifungua, unakung'uta, unafuta ulimi. Kule kwenye baridi mate hayo yanaganda na bomba linakuwa bubu siku ile ile dume anapopita.

Kopo ni dogo, linajaa kiganja. Lina tundu upande wa juu, na ndani mna kitu kizito na ulimi wake. Unaziba tundu kwa kidole gumba, unaligeuza juu chini, unalirudisha, na ule uzito unashuka taratibu ukisukuma hewa: "Meeeeeh." Sekunde mbili au tatu. Huyo ni jike anayesema yuko tayari. Tundu lisipozibwa, kopo halisemi kitu. Shikeni hilo la tundu.

Ndiyo, linalia kama mbuzi. Mimi mwenyewe nimeandika "sauti inayokaribia ya mbuzi" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nisichojua ni kwamba jana jioni Baba Ciku wa grandi, yaani wa chini kabisa, alishusha beberu kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, wa sherehe ya Ciku kumaliza chuo, inayofanyika kesho. Akamfunga chini ya ngazi, karibu na pampu ya maji. Ilitangazwa kwenye grupu ya ploti. Hilo grupu nimelizima tangu vita ya pesa za takataka.

Basi nikapanda juu mapema, kabla matatu za Thika Road hazijaanza kupiga honi. Rifleta niliazima kwa jirani wa boda kwa sababu mteja alitaka na picha. Simu nikaiweka juu ya beseni lililofunikwa, nikabonyeza kurekodi, nikaanza na upepo, maana mambo yote ya kulungu yanaanza na upepo. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya redio: "Keti upepo ukikupiga usoni. Lakini kumbuka, dume aliyeitwa haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka upande ule upepo unakoelekea, akunuse kwanza. Kwa hiyo chunga mgongo wako."

Maneno hayo niliyasema nikiwa nimeupa mgongo mlango wa ngazi. Na upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda ngazini.

Mguno, mara nne. Kimya. Nikaingia kwenye kugonganisha pembe. Pembe sina, kwa hiyo ilikuwa miiko miwili ya ugali. Unaanza kwa kuigusanisha polepole, madume wanapimana, halafu unaikwaruza na kuizungusha kama dakika moja hivi, huku ukikanyaga chini kama makwato. Ukimaliza, unaongeza kopo, ili anayesikia ajue wenzake wanapigania nini. Nikapiga kopo mara tatu.

Huko chini kitu kikajibu.

Nilifurahi, niseme ukweli. Nilidhani ni mwangwi na nikaona utapendeza kwenye rekodi. Nikapiga tena.

Hapa Kevo huwa anaruka moja kwa moja mpaka mimi nikiwa kwenye tangi. Kevo hakuwepo. Ngojeni.

Kwanza zilikuja hatua kwenye ngazi. Ka, ka, ka, ka. Kimya kidogo kwenye kona. Ka, ka, ka. Nikajua ni Mama Brayo na vile viatu vyake vya visigino, anawahi zamu. Nikawaza, lakini Mama Brayo anaishi ghorofa ya pili, mbona amepita ya tatu? Mbona amepita ya nne? Halafu ikafika harufu. Kama hujawahi kukaribiana na beberu aliyepandwa, jua kwamba anajikojolea ndevu na miguu ya mbele kwa makusudi, hayo ndiyo manukato yake. Kulungu dume naye anajikojolea tezi za miguu ya nyuma. Nina aya nzuri sana juu ya jambo hilo, mteja aliisifu. Aya haina harufu.

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, kipande cha kamba ya katani kinaning'inia shingoni. Kwenye pembe ya kushoto alikuwa na sweta ya shule, kijani, amepita nayo kwenye kamba ya mtu huko chini. Hakuwa na haraka. Akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu mpaka ufizi ukaonekana, ufizi mtupu maana juu hana meno ya mbele, akatulia hivyo macho yamelegea. Ukimwona vile unaweza kudhani anacheka. Hacheki. Anaipeleka harufu kwenye kiungo kilicho kwenye kaakaa, kujua kama jike yuko tayari. Kulungu dume hufanya vivyo hivyo. Yaani nilikuwa napimwa.

Kanuni naijua: mnyama akikutazama, usiite na usitikisike. Nikaganda. Kopo nilikuwa nimelisukumiza kwenye mfuko wa jaketi kifuani, na rifleta ya jirani ni ndogo, imelibana barabara. Nikasema moyoni, chukua simu taratibu, ondoka taratibu. Nikainama.

"Meeeeeh."

Kutoka kifuani mwangu. Tundu lilikuwa limezibwa na mbavu zangu.

Kila mwindaji anajua kwamba kopo ukilibeba unalifunga kwa soksi au unalibandika utepe, la sivyo litalia njiani. Nimeliandika mwenyewe, mwezi wa tisa, na nikalipiwa.

Beberu akatoa ulimi nje, akautikisa, "blblblblbl", akarusha mguu mmoja wa mbele kama anayebisha hodi. Nikarudi nyuma hatua moja. "Meeh." Nikanyooka. "Meeeeeh." Kila nikitikisika, kifua changu kinamkubalia. Nikajaribu kulitoa kopo, zipu ya jaketi iko chini ya rifleta, rifleta nayo imekwama, na kule kuhangaika kukatoa "meeh" tatu mfululizo ambazo hata mimi, kama ningekuwa beberu, ningezielewa.

Akaja. Nikapita kati ya mashuka ya watu, akapita ndani yake. Ndipo nikaliona tangi la maji. Kulungu unamsubiri juu ya mti, futi 15 hadi 20, na mkanda wa usalama umeufunga tangu unapoanza kupanda. Mimi nilipata kichanja cha vyuma cha futi 5, kimelowa, mkanda hakuna, miiko bado mkononi sijui kwa nini. Kupanda kunataka kuinama. Mnajua yaliyotokea kila nilipoinama. Nilipofika juu na kulikumbatia tangi, beberu alisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaiegemeza kwenye kichanja, akanitazama kama anayeangalia majani ya mgunga.

Watu wakafika. Baba Ciku mbele na panga na tochi, keateka, mwangalizi wa ploti, na rungu, Mama Brayo na leso, mwalimu wa ya pili, na Kevo, ambaye kuamshwa kwenda kazini hataki lakini simu yake ilikuwa imeshawashwa. Walikuja kushika mwizi wa mbuzi. Tochi ikaanza kwa beberu, ikapanda kwenye rifleta, ikapita kwenye paipu inayoning'inia shingoni, ikamalizia kwenye miiko.

"Kijana," Baba Ciku akasema, "unamwitia nini mbuzi wangu?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nikasema, "Hapana mzee, mimi naita kulungu."

Video ya Kevo inaishia hapo. Asante Mungu, maana nilipoinamisha kichwa kumwomba mzee radhi, kifua kikasema, "Meeeeeh."

Baba Ciku akaangalia kifua changu. Akamwangalia beberu. Akarudi kifuani. Panga akalishusha, na sauti pia akaishusha, ile ya kuongea na mtu aliye wodini: "Shuka, kijana. Shuka polepole." Huko nyuma mwalimu alikuwa anamweleza keateka kwamba uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Mwalimu, nakuheshimu. Hata manati sina.

Nimelipa sweta, kamba na shuka mbili, na ya chai ya keateka. Grupu nimeiwasha tena na tangazo la kwanza nililokuta ni la kukataza "kuita wanyama wa aina yoyote juu ya paa". Rekodi nilimtumia mteja ilivyo, kwa hasira. Amejibu: mguno uko sawa, kopo limetumika kupita kiasi, lakini ule mlio mzito karibu na mwisho, wa dume aliyechanganyikiwa, hajawahi kuusikia mzuri hivyo. Nimeutoa vipi? Anauomba mrefu zaidi.

Bado ananidai ule wa dume mgomvi, "fit, fit, fiiiiii", wa hewa inayobanwa puani. Huo huupigi ovyo, vijana wanakimbia, anayekuja ni mbabe tu. Kwa hiyo anayejua mahali Nairobi pasipofugwa kitu anijulishe. Watu wa Rongai msijisumbue kujibu, nawajua.

Kopo liko ndani ya soksi mbili, ndani ya sufuria. Beberu wamemfunga kwa mnyororo mpaka kesho saa nne. Nimeshuka sasa hivi kununua maziwa, sina kitu mfukoni ila sarafu, nimepita kwa ncha za vidole upande wa pili wa ngazi.

Akasimama.