Kabla ya kuhamisha mafundi, tazameni mwezi

Juzi gari la matangazo limepita kwenye barabara ya kushukia mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, spika mbili kichwani. Kwanza bongofleva, halafu tangazo: mafundi wote wa kandokando ya barabara wajiandae kuhamia eneo jipya nje kidogo ya mji, ili kuupendezesha mji wetu. Kijana aliyekuwa akichomelea geti hakuzima hata mashine. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na mpaka leo haijanishuka.

Anayesema mafundi wanaiharibu sura ya Kigoma hajawahi kusimama ufukweni usiku wa giza akatazama Ziwa Tanganyika. Mgeni akiona zile taa huuliza ule ni mji gani ng'ambo. Si mji, ni wavuvi wa dagaa, na taa zile zina mikono ya watu wa mtaani kwetu. Zamani zilikuwa karabai: mafuta ya taa, pampu, kioo kinachopasuka kikirushiwa maji. Mafuta yakapanda bei, mafundi redio wakaanza kucheza na balbu za LED, betri ya pikipiki na kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa kwa gundi. Za mwanzo ziliingia maji. Mvuvi akirudi asubuhi na taa iliyokufa na mtumbwi mtupu, maneno aliyokuwa akimwambia fundi siwezi kuyaandika hapa. Fundi akabadilisha gundi, akabadilisha mfuniko, akajaribu tena, akatukanwa tena. Hivyo ndivyo taa ilivyopatikana. Hakuna zabuni, hakuna semina, hakuna aliyevishwa fulana yenye neno "ubunifu" mgongoni.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wenye gari la matangazo hawajafika. Kazi ya hawa mafundi inakwenda na mwezi. Dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikolea, taa inakosa nguvu na mitumbwi mingi inapumzika. Wavuvi wanapolala ndipo mafundi wanapoamka. Kila kilichochoka kinapandishwa kutoka mwaloni: taa, betri, injini, nyavu, ubao uliooza. Na mvuvi haji na tatizo moja. Anafika kwa fundi taa, inaonekana chuma cha kushikilia taa nacho kimekatika. Anavuka kwa mchomeleaji wa jirani. Mchomeleaji hana bolti ya saizi ile, mtoto anatumwa kwa muuza vyuma chakavu, umbali wa kutupa jiwe. Seremala ameshakuja kuchungulia, kwa sababu ubao ule chuma kipya hautakihimili. Mama ntilie amewalisha wote kwa mkopo, daftari lake analo. Jioni kazi imekwisha, na giza likirudi kila kitu kipo majini.

Mchukue fundi taa umpeleke porini. Mchomeleaji umpeleke naye, ila umeme huko utafika "hivi karibuni". Seremala wa mitumbwi atabaki, maana mtumbwi haupandi bodaboda; mzee mmoja wa kazi hiyo aliniuliza kama ziwa nalo limepangiwa kiwanja. Basi mvuvi aanze kuzunguka na betri mapajani, nauli huku, nauli kule, siku mbili za giza zimepotea akiwa bado yuko nchi kavu. Nauli hiyo na siku hizo atamlipisha nani? Mtakutana nayo kwenye kisado cha dagaa pale sokoni, halafu mtalaumu madalali.

Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani nchi nzima, tuliona. Wengine walipelekwa mahali ambako mteja hafiki, na haukupita muda wakaanza kurudi mmoja mmoja. Lakini mchuuzi anarudi na beseni lake kichwani. Mashine ya kuchomelea na mita ya umeme havirudi namna hiyo. Fundi ukishamng'oa umemng'oa.

Haya, nakubali, shingo upande: wanakera. Cheche zinawarukia wapita njia. Mageti yanalazwa pale watu wanapotakiwa kutembea, mama mwenye mtoto mgongoni anashukia barabarani kupishana na malori. Mtaro umejaa mabaki ya plastiki. Yote kweli. Lakini haya ni mambo ya kuchora mstari, kusimamisha kizuizi cha bati na kumtoza faini anayekaidi. Hayahitaji kuhamisha mtaa mzima.

Na hili la hadhi ndilo linalonichekesha kabisa. Reli imefika Kigoma mwaka 1914. Meli ambayo kila mgeni anaomba kupigwa nayo picha ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande vipande, ikaungwa hapahapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi zisiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mji huu umezoea nyundo tangu utoto wake. Ila kumbe kuunga vyuma ni historia akifanya Mjerumani, akifanya kijana wa Gungu ni uchafu.

Tangu 2018 wakubwa hawachoki kutuhubiria michikichi, na miche ya kituo cha utafiti cha Kihinga ni jambo jema. Nani anatengeneza mashine za kukamulia hayo mawese, siku nyingine tutagombana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, lakini ni ya vikundi, na fundi taa hana kikundi. Ana stuli, kishoka wa umeme, yule fundi asiye rasmi, anayemdai, na mwanafunzi mmoja.

Kama hela ya kuwahamisha ipo kweli, basi ibakie palepale. Ivute umeme wa njia tatu. Ifunike mtaro. Ijenge na choo, jamani, choo! Safu nzima ya wanaume watu wazima inaomba kwa mama ntilie, na mama ntilie mwenyewe anaomba msikitini.