Theluthi ya mwisho: Kenya ikikuachilia imekuachilia, Minnesota bado

Kuna Wakenya wenzangu huku majuu kila wakijadili jela za nyumbani lazima mmoja aseme ati Kenya nayo ilete parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, kama Marekani, watu wasiozee ndani. Mimi naishi Minnesota na hapo huwa nacheka kidogo, manake Minnesota yenyewe haina ile parole mnaona kwa sinema, mfungwa ameketi mbele ya wazee watatu anaeleza vile amebadilika halafu wanapiga muhuri. Hapa hiyo bodi ilifutwa miaka ya 1980, na serikali kuu ya Marekani ikaondoa parole kwa makosa yaliyofanywa kuanzia Novemba 1987. Kila jimbo lina sheria zake, kwa hivyo mtu wa Texas anaweza kukwambia mambo tofauti kabisa na yangu na wote tukawa tunasema ukweli.

Kitu kilinishangaza nilipoanza kuelewa ni hesabu. Jaji wa Minnesota akikupa miaka 9, kwa kawaida unakaa ndani 6 halafu unatoka. Jaji wa Kenya akikupa miaka 9 na ukae bila makosa ya jela, unakaa ndani 6 halafu unatoka, ile theluthi moja ni rimisheni, yaani punguzo la kifungo kwa tabia nzuri, iko kwa Sheria ya Magereza. Kwa karatasi ni kitu kimoja. Tofauti yote iko kwa ile miaka 3 iliyobaki: Kenya imefutwa, hakuna mtu atakuuliza chochote kuihusu, hapa Minnesota hiyo miaka bado ni kifungo chako, ni vile tu unakitumikia ukiwa nje na kuna mtu ameshika kamba.

Wacha nieleze vile hiyo kamba inakaa. Niko na mwenzangu kazini, tunafanya naye shifti ya usiku, ametoka jela na yuko chini ya uangalizi. Siku ya kutoka alitakiwa aripoti haraka kwa ejenti wake, yule afisa wa kumfuatilia, na hata kabla hajatoka ejenti alikuwa ashaangalia nyumba atakayoishi, ni ya nani, nani mwingine anaishi hapo, kuna bunduki ama hakuna. Dada yake ndiye alimpokea na ilibidi bwana ya huyo dada atoe bunduki yake kwa nyumba, bunduki ya kuwinda tu jamani, la sivyo jamaa hapati mahali pa kwenda. Kila asubuhi kabla alale anapiga simu fulani inayojibiwa na mashine, mashine inataja rangi, rangi yake ikitajwa lazima siku hiyo aende akakojoe kwa kikopo wapime dawa na pombe. Ametoka kazi saa kumi na mbili asubuhi, hana gari, na kikopo kinamngoja upande ule mwingine wa mji. Bia moja ni kosa. Kuvuka tu kwenda jimbo jirani la Wisconsin kumzika shangazi bila ruhusa ni kosa. Kuhama nyumba bila kusema ni kosa. Na haya si makosa ya korti ati utasomewa mashtaka upya, ni kuvunja masharti, kunakuwa na kikao kidogo cha watu wa idara na unaweza kurudishwa ndani miezi kadhaa, kazi imeenda, nyumba imeenda, unaanza tena. Wale wanaonekana hatari zaidi wanawekwa kwa uangalizi mkali, mwanzo wanafungiwa nyumbani na ejenti anaweza kubisha mlango saa yoyote.

Halafu kuna makosa yanaongezewa mkia. Ukishikwa ukiendesha umelewa mara nyingi mpaka ikawa kosa kubwa, unapewa miaka 5 ya masharti ukitoka jela. Makosa ya kingono ni 10, na anayerudia inaweza kuwa maisha yake yote.

Sasa linganisha na mjomba wangu. Alifungwa kwa wizi, akakaa vizuri, rimisheni ikahesabiwa, siku ikafika akaachiliwa. Sisi nyumbani tulikuwa tunahesabu tarehe nyingine kabisa kwa sababu hakuna mtu aliwahi kutuambia kuna theluthi inakatwa, kwa hivyo hakuna aliyeenda kumngoja. Mamangu anasema walimuona tu amesimama kwa geti na karatasi ya kuachiliwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, amevaa nguo alizoshikwa nazo, suruali imekuwa kubwa. Akala, akalala, na kesho yake akawa mtu huru kabisa, hakuna ofisi anaripoti, anaweza kupanda basi aende Mombasa ama Malaba na hakuna mtu atauliza. Hiyo ni raha ambayo mwenzangu wa hapa haijui. Lakini mjomba hakuwa na kitambulisho, kilipotea siku aliposhikwa, bila kitambulisho hakuna laini ya simu, bila laini hakuna M-Pesa, bila M-Pesa nani atakupa hata kibarua. Na kazi yoyote ya maana wanaitisha cheti cha good conduct cha polisi, unajua tu alama zako za vidole zitasema nini. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima akitumwa tumwa na watu kama kijana mdogo, mzee wa miaka hamsini na kitu.

Kwa hivyo huku unafuatwa mpaka unachoka, kule unaachwa mpaka unachoka. Mkiniuliza nichague, nachagua ya Kenya bila kufikiria mara mbili, na najua kuna mtu aliyeibiwa ama kupigwa atasoma hii aseme mimi natetea wahalifu. Aelewe tu kwamba huo uangalizi wa Minnesota mwingi haumlindi yeye. Mwenzangu kukosa kikopo kwa sababu basi limechelewa hakumsaidii yule aliyekosewa. Kitu kinasaidia ni zile dakika kabla ya geti: nyumba imejulikana, familia imepigiwa simu, kuna mtu aliuliza huyu akitoka atalala wapi. Hicho ndicho Kenya inafaa kuiba, na haihitaji bodi wala sheria kubwa, idara ya probesheni tayari iko na jina lake kamili lina maneno huduma za baada ya kifungo, maafisa wake tayari wanaendaga nyumbani kuongea na familia na chifu wakati korti ama kamati ya msamaha wa rais inataka ripoti. Waende pia kwa huyu wa kawaida anayemaliza kwa rimisheni. Na kitambulisho kishughulikiwe mfungwa akiwa bado ndani, ako hapo, hajaenda popote, alama za vidole mnazo!

Mahali Kenya inaniudhi sana ni kwa wale wa vifungo virefu. Rimisheni haiwagusi waliofungwa maisha, wala wa wizi wa mabavu. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa maisha, Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo tena 2016 kwa watu 2,747, na kila mara tunapiga makofi. Vizuri, hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Lakini maisha maana yake ni mpaka lini? 2017 Mahakama ya Juu kwa kesi ya Muruatetu ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kesi ya mauaji. 2023 Mahakama ya Rufaa ikasema kifungo cha maisha kisicho na mwisho si cha kibinadamu ikampa mfungwa aliyekata rufaa miaka 40, watu wakaanza kupiga hesabu, halafu 2025 Mahakama ya Juu ikaitupa hiyo hukumu na maisha yakarudi kuwa maisha. Wewe uko ndani unasikiliza haya yote kwa redio.

Hapo sasa Minnesota imetushinda. Hapa kwa vifungo vingi vya maisha kuna mwaka umeandikwa, kwa mauaji ya daraja la kwanza mara nyingi ni 30, na ukifika una haki ya kusikizwa. Si kuachiliwa, kusikizwa tu. Kuanzia 2024 kazi hiyo iko kwa bodi mpya ya kesi kama hizi, si ile iliyofutwa, zamani ilikuwa ya kamishna wa magereza peke yake, na waliofanya kosa wakiwa watoto wanasikizwa mapema zaidi. Kuna wengine hawapati hiyo nafasi kabisa. Lakini mtu akiwa na mwaka kichwani anajua asome nini, aache nini, aandikie nani. Bodi ya namna hiyo ndiyo ningependa Kenya, ya wale wa maisha peke yao, sio ya kuja kumfunga kamba mwizi wa kuku aliyemaliza theluthi mbili zake.

Kitu kingine kwa sisi wageni huku, na hii vijana wetu hawaambiwi: ukifungwa na wewe si raia, hiyo theluthi ya nje unaweza usiione. Siku ya kutoka watu wa uhamiaji wanaweza kuwa wamesimama hapo hapo, unatoka mkono huu unaingia mkono ule, ukitoka hapo ni ndege. Wizi ama kosa la kutumia nguvu ukipewa mwaka 1 kwenda juu, sheria ya uhamiaji inakuhesabu kati ya wabaya kabisa hata kama jaji alisimamisha hicho kifungo na hukulala jela siku moja. Kwa hivyo ukikubali kosa ndio kesi iishe haraka, ongea kwanza na wakili anayejua uhamiaji, sio yule wa kesi peke yake.

(By the way hapa waliotoka jela wameruhusiwa kupiga kura wakiwa bado kwa uangalizi tangu 2023 tu. Kenya mfungwa amepiga kura ya rais akiwa ndani 2017 na 2022. Si kila kitu ni majuu.)

Kwa walio na mtu wao ndani huko nyumbani, tarehe msiikisie kama sisi. Ulizeni ofisi ya gereza tarehe ya kutoka baada ya rimisheni ni gani, na muangalie kama muda aliokaa rimandi kabla ya hukumu ulihesabiwa, sheria inamtaka jaji auhesabu na kuna watu wengi umesahaulika, hiyo inarudishwa High Court ikarekebishwa. Kama ni maisha, ombi la msamaha chini ya kifungu cha 133 cha Katiba linaweza kupelekwa na mtu yeyote, si lazima mfungwa mwenyewe, kamati inalisoma halafu inamshauri rais, na wanaruhusiwa kusikia pia upande wa aliyekosewa, kwa hivyo kama familia zilishaelewana muandike hivyo.