Sio kila kidoa cheusi ni kansa
Jamani mwandishi umetutisha, eti kila kidoa cheusi kwa mtoto ni dalili ya kansa! Wangu wa miaka 7 anacho pajani, bibi yake huku Newala akawa ashaandaa mafuta ya ganda la korosho akiunguze, nikakataa maana yale mafuta sisi wabanguaji tunayajua, vidole vyangu hivi vinabanduka kila msimu. Na ukishaunguza dokta anaangalia nini sasa?? Zahanati ya kwanza wakataka kukikata hapohapo bila hata kukitazama vizuri, nikaondoka zangu. Dokta wa ngozi yeye akachukua rula, milimita 4, akaweka kile kilensi chenye taa, rangi moja, kingo safi, akakipiga picha na simu akasema turudi baada ya miezi 6 tulinganishe, ila kikikua haraka au kikitoa damu tuwahi. Mbona watoto vidoa vinaongezeka tu wakikua. Hata wataalamu washachanganyikiwa, 1948 Dokta Sophie Spitz wa Marekani alieleza vivimbe vya ngozi vya watoto akaviita melanoma, yaani kansa kali ya ngozi, baadae ikajulikana vingi havina madhara. Ila wenye watoto albino msinisikilize mimi, nyie kliniki ya ngozi haraka.