Mtaalamu wa Kislavoni si mtabiri

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Februari 2022. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Ukraine alfajiri ya tarehe 24, na mimi nilikuwa zamu kwenye dawati la habari za kimataifa. Kila chombo kilikuwa kinatafuta mtu wa kuhoji. Nikampigia mhadhiri mmoja wa lugha za Kislavoni, yaani ukoo wa Kirusi, Kiukraine na jamaa zake, ambaye namba yake nilikuwa nayo muda mrefu bila kuitumia. Nikamsomea utangulizi wa taarifa yangu ili anihakikishie tarehe tu. Nilipofika kwenye maneno "Urusi ya Kiev", akanikatiza.

"Hapo umeshatoa hukumu," akasema. "Ondoa Urusi. Andika Rus."

Kwanza nilidhani tunapotezeana muda kwa sababu ya herufi mbili tatu. Ilimchukua kama dakika tano kunielewesha. Dakika hizo zimenikaa kichwani kuliko mahojiano yote tuliyoyarusha wiki ile.

Rus ilikuwa dola ya zama za kati, na makao yake makuu yalikuwa Kyiv, ambao Warusi huuita Kiev na leo ni mji mkuu wa Ukraine. Mtawala wake, ambaye Waukraine humwita Volodymyr na Warusi humwita Vladimir, alibatizwa mwaka 988. Moscow inatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kale mwaka 1147, zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Jina Rossiya, ambalo ndilo sisi tunaliita Urusi, lilikuja kukita mizizi karne kadhaa mbele, na mfalme Peter Mkuu akaitangaza rasmi milki yake kwa jina hilo mwaka 1721. Si hayo tu. Kirusi chenyewe kina maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja. Russkij ni wa kabila la Warusi, lugha yao na utamaduni wao. Rossijskij ni wa dola na uraia wake. Mburyati wa Siberia au Mchecheni mwenye pasipoti ya Urusi ni raia kamili wa nchi hiyo, lakini huwezi kumwita russkij. Sisi Rus, russkij na rossijskij vyote tunavitia kapu moja: Urusi, Warusi, Kirusi.

Sasa chukua makala ambayo Vladimir Putin aliitoa Julai 2021 kuhusu umoja wa kihistoria wa Warusi na Waukraine, iliyowekwa kwenye tovuti ya Kremlin kwa Kirusi na kwa Kiukraine. Hoja yake imejengwa juu ya urithi wa Rus: kwamba Warusi, Waukraine na Wabelarus wametoka chimbuko hilo moja, na kwamba kwa hiyo Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Mwandishi anayeandika "Urusi ya Kiev" ameshaikubali hoja hiyo kabla mjadala haujaanza, na hana habari kwamba ameikubali. Mimi nilikuwa karibu kuisoma hewani.

Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba wasomi wa Kislavoni wanatakiwa kwenye vyombo vya habari, na wanatakiwa sana. Ila tunawaita kwa kazi isiyo yao. Mtu amekaa miaka ishirini akichambua ushairi wa Kibelarus, au namna Kislovenia kilivyohifadhi umbo la pekee la kuhesabu vitu viwili ambalo si umoja wala wingi, kisha tunamweka mbele ya kipaza sauti na kumuuliza: je, Putin atatumia silaha za nyuklia? Vita vitakwisha lini? Naye, kwa kuwa ameulizwa na dakika zinakwenda, anajibu. Kabla ya uvamizi wachambuzi wengi walisema hautatokea. Ulipotokea, watu wakasema wasomi hawana maana. Mimi nasema swali ndilo lililokosewa. Kusoma lugha ya watu hakumpi mtu ufunguo wa kichwa cha rais wao. Kunampa sikio la kusikia kilichosemwa, na sikio hilo ndilo tunalolikosa studio.

Angalia kilichotokea tarehe 18 Novemba 1956. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa kwenye hafla katika ubalozi wa Polandi mjini Moscow, akazungumza mbele ya mabalozi wa Magharibi na kusema: My vas pokhoronim. Mkalimani akaifasiri neno kwa neno kwa Kiingereza, "tutawazika", na magazeti ya Magharibi yakaibeba kama kitisho cha kuua. Bomu la nyuklia lilikuwa mikononi mwa pande zote mbili, na sentensi ile iliwatisha watu kwa miaka. Mzungumzaji wa Kiswahili angeweza kuituliza hofu ile haraka. Tukimwona mzee aliyekula chumvi nyingi na bado ana nguvu zake, si tunasema "huyu atatuzika sote"? Hatumaanishi kwamba atatuchinja. Tunamaanisha kwamba sisi tutatangulia, naye atakuwepo mazikoni. Khrushchev alikuwa anasema ukomunisti utaishi kuliko ubepari. Mwaka 1963, akiwa Yugoslavia, alieleza mwenyewe kwamba hakukusudia kuwazika watu kwa koleo, bali tabaka lao la wafanyakazi ndilo litakalowazika. Maneno yake bado yalikuwa ya uhasama, sikatai. Lakini uhasama wa hoja na kitisho cha mauaji ni vitu viwili, na mtu wa kuvitenganisha alihitajika usiku uleule, si miaka saba baadaye.

Wasomi wenyewe nao wana deni. Lugha za Kislavoni ni nyingi: kuna Kipolandi, Kicheki, Kislovakia, Kibulgaria, Kiserbia, Kikroatia, kuna hata Kisorbia kinachozungumzwa na jamii ndogo mashariki mwa Ujerumani. Ila katika vyuo vikuu vingi, masomo ya Kislavoni maana yake imekuwa Kirusi, na vingine vikipatiwa nafasi iliyobaki. Sababu inajulikana. Umoja wa Kisovieti ulirusha satelaiti yake ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria iliyomimina fedha katika ufundishaji wa sayansi na lugha za kigeni. Mpinzani alikuwa Moscow, kwa hiyo kilichosomwa zaidi kikawa Kirusi. Taasisi ya utafiti wa Ukraine pale Harvard ilikuja kuanzishwa mwaka 1973. Matokeo yake ni kwamba hata mhariri mwenye nia njema, akitaka kujua kinachosemwa Kyiv, anampigia mtu aliyeisoma Kyiv kupitia vitabu vya Moscow. Chama kikuu cha wasomi wa eneo hilo chenye makao Marekani kilifanya kuondoa ukoloni, yaani kuacha kulitazama eneo lote kwa macho ya Moscow, kuwa mada ya mkutano wake wa mwaka 2023, na nilifurahi. Lakini mabadiliko ninayoyasubiri mimi ni madogo kuliko mkutano: profesa akipigiwa simu kuhusu jambo asilolisomea aseme, "Hilo si langu, mpigie fulani."

Najua pia kwamba kusema kuna gharama. Mwaka 2021 Urusi ilikitangaza chuo cha Bard cha Marekani kuwa asasi isiyotakiwa, na raia wa Urusi anayeshirikiana na asasi ya namna hiyo anaweza kushitakiwa. Msomi anayehitaji nyaraka zilizoko Moscow, au aliye na mama mzazi kule, hupima kila neno kabla ya kulitoa. Sisi tunaompigia simu saa kumi na moja jioni tukitaka sekunde kumi na tano za sauti, mara nyingi hatumuulizi hata kama ni salama kwake kutajwa jina. Tumuulize. Na tumsomee sentensi yetu kabla haijaruka hewani, badala ya kukata yake katikati.

Na tusingoje mizinga. Mwaka 2022 mwanahistoria Timothy Snyder aliweka wazi mtandaoni mihadhara yake ya Yale kuhusu jinsi Ukraine ya leo ilivyojengeka, na mtu yeyote angeweza kuisikiliza bure. Ni kazi iliyonifaa kuliko mijadala mingi ya jioni, kwa sababu ilikuwa na nafasi ya kueleza.

Mhadhiri wangu wa Rus bado tunawasiliana. Hivi karibuni nilimpigia kuhusu mzozo wa Bulgaria na Masedonia Kaskazini, ule ambao Novemba 2020 uliifanya Bulgaria kuzuia jirani yake asianze mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya, mojawapo ya sababu ikiwa ni kama Kimasedonia ni lugha au ni lahaja ya Kibulgaria. Hakukuwa na taarifa ya haraka, nilitaka kuelewa tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo analijua juujuu, na anayelijua vizuri ni mwenzake mmoja. Akanipa namba.