Piezo si ufunguo malaya

Tangu mwanasayansi Ardem Patapoutian atunukiwe Nobel mwaka 2021, kila anayeandika juu ya mguso huitaja Piezo, chaneli (mlango wa protini kwenye utando wa seli) inayogeuza mguso kuwa umeme, akaishia hapo. Huko ni kumwonea inzi, mnyoo, na hata sikio letu wenyewe, ambao huhisi kwa chaneli nyingine.

Piezo ni ya ajabu, sibishi. Protini tatu hushikana, kila moja ikipita kwenye utando wa seli mara 38, na mabawa yao huupinda utando ukawa kama bakuli. Utando ukivutwa, bakuli hutandazika, tundu la katikati hufunguka, sodiamu na kalisi huingia. Makumi machache ya milisekunde baadaye mlango hufungika hata kama bado unabonyeza. Bertrand Coste, mtafiti wa maabara ya Patapoutian, aliipata kwa subira: alibonyeza seli za panya kwa ncha ya kioo huku akizima jeni moja moja, na ya 72 ndiyo iliyonyamazisha umeme.

Sasa mtazame inzi wa matunda. Chaneli yake, NOMPC, ina mikia minne, kila mmoja wa vipande 29 vilivyojisokota kama springi na kushikizwa kwenye mifupa ya ndani ya seli. Hapa mkia ndio unaosukuma mlango. Mamalia hatunayo kabisa. Mnyoo wa udongoni, *C. elegans*, hutegemea MEC-4, ndugu wa chaneli inayorudisha sodiamu kwenye figo zetu.

Ukipita soko la Kongowea, Mombasa, mtazame samaki changu ubavuni: kuna mstari wa vitundu kutoka kwenye shavu hadi mkiani. Humo mna seli za vinyweleo za kuhisi mwendo wa maji, ndugu za zile za sikioni mwetu. Katika sikio, uzi mwembamba huunganisha vinyweleo na kuvuta chaneli ya TMC1. Jentamisini, dawa ya kuua bakteria, hupenya kwa mlango huohuo na kuiua seli. Samaki huotesha nyingine. Mtu hubaki kiziwi.

Kwa hiyo anayetaka kujua mnyama mwingine, tuseme pweza wetu, huhisi mguso kwa chaneli ipi, asione jeni ya Piezo akashangilia. Aizime aone kama umeme unapotea. Kisha aitie kwenye seli isiyohisi, na hapa wengi hujikwaa: seli za HEK293, za asili ya figo ya binadamu, zinazopendwa maabara zina Piezo1 (aina mojawapo ya Piezo) yao wenyewe, kwa hiyo lazima atumie zile ambazo jeni hiyo imeshang'olewa. Mwisho, protini peke yake kwenye utando wa kutengenezwa. Ikifunguka bila msaada, ndipo tuamini kwamba inahisi mvuto wenyewe.

Tena, ncha ya kioo isukumwe kidogo kidogo, nusu hadi maikromita moja kwa hatua. Seli ikipasuka, uvujaji wake hufanana na umeme wa chaneli, ila haurudi chini ukiondoa ncha. Na gadolini, metali inayotumika sana kuziba chaneli hizi, hushikana na fosfati na baikaboneti ikatuama chini. Unadhani umeizuia chaneli ikakataa, kumbe dawa haikuifikia. Tumia maji ya kuogeshea seli yenye HEPES, kemikali ya kutuliza asidi, yasiyo na hizo mbili.