The Lady in the Van: Wema wa Bennett au Mtaji Wake?

Mwaka 1974, mwandishi Alan Bennett alimruhusu Miss Shepherd, mwanamke asiye na makazi aliyeishi ndani ya gari lake, aliegeshe kwenye ua wa nyumba yake mtaa wa Gloucester Crescent, Camden, London. Walikubaliana miezi mitatu. Alikaa miaka 15, hadi kifo chake 1989. Mwaka huohuo Bennett akachapisha insha juu yake. 1999 ikawa tamthilia, kisha mchezo wa redio, na 2015 filamu iliyoongozwa na Nicholas Hytner na kupigwa picha kwenye nyumba ileile.

Wanaolalamika wana hoja: mwenye ua alivuna mara nne kwa mpangaji asiyelipa kodi.

Filamu imejipangia utetezi. Alex Jennings anaigiza kina Bennett wawili, mmoja anaishi, mwingine yuko mezani anaandika, na wanabishana ndani ya picha moja. Hoja inayowatesa ni kama kumvumilia bibi yule ni wema au ni woga wa kumfukuza. Ni ujanja mzuri, ila pia ni ngao: ukijisuta mwenyewe mapema, atakayekuja kukusuta hana la kuongeza.

Anayeinusuru filamu ni Maggie Smith, aliyekwisha kuicheza nafasi ya Miss Shepherd jukwaani na redioni. Haombi huruma hata kidogo. Anapaka gari rangi ya njano nzito, ikaganda mabongemabonge kama uji uliopikwa vibaya. Majirani wakileta zawadi za Krismasi, anapokea na kuwaambia wafunge mlango, ana shughuli zake. Nao wanaondoka wameridhika, maana kilichowaleta ni dhamiri zao zaidi kuliko shida yake.

Tatizo ni Underwood (Jim Broadbent), polisi mstaafu anayemtoza bibi pesa kwa kumtishia kufichua ajali ya zamani. Anayafanya maisha yote ya bibi yaonekane yana sababu moja. Kinanda kingetosha kumweleza: bibi alifundishwa na mpiga kinanda mashuhuri Alfred Cortot, kisha alipoingia utawani akakatazwa kupiga. Na mwishoni anapaa mawinguni, ilhali filamu ilikuwa imethubutu kuonyesha hata mifuko ya kinyesi uani.

Kabla ya hapo, akiwa ametoka kuogeshwa, anamwomba Bennett amshike mkono, akimhakikishia kuwa ni msafi. Ingeishia hapo.