Nionyeshe Mwanga Wake Mdogo

Kila ninapokwenda Kariakoo kutafuta tochi, mchezo ni ule ule. Muuzaji anaichomoa kwenye boksi, anaielekeza darini, anabonyeza, na duka zima linakuwa jeupe. Kisha ananigeukia na tabasamu la mtu ambaye hela amekwisha kuzihesabu. "Bosi wangu, hii inamulika mpaka Magomeni." Namjibu kwa ombi ambalo siku zote humkata stimu: nionyeshe mwanga wake mdogo.

"Mdogo wa kazi gani tena?"

Najua ananiona nimechanganyikiwa. Hakuna anayefunga safari kwenda mjini kununua giza. Lakini nimelala kwenye mahema Lushoto, Uluguru, Serengeti na mara moja Kilimanjaro, na siku hizi ukali wa tochi ndicho kitu cha mwisho ninachokiangalia. Nataka kujua mambo mawili tu: mwanga wake wa chini kabisa ukoje, na chaji ikikata, inakataje. (Tochi au kurunzi, chagua mwenyewe. Shangazi yangu wa Tanga akisikia nasema tochi hukunja uso.)

Kilichonigeuza ni usiku mmoja juu ya Kibo. Tulitoka kwenye kibanda cha mwisho cha njia ya Marangu, zaidi ya mita 4,700, saa sita usiku kama ilivyo desturi. Kichwani nilikuwa na taa mpya niliyojivunia sana, na nikaiwasha mwisho wake. Mbele yetu taa za watu wengine zilipanda kwa mstari kama siafu. Hatujalifikia pango la Hans Meyer, yangu ikazima. Haikufifia wala haikutoa dalili yoyote. Ilikata ghafla kama umeme wa mgao, mguu wangu ukiwa bado hewani.

Kiongozi wetu hakushtuka. Taa yake mwenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba tangu tuanze nilidhani betri zake zinakaribia kwisha, na kimoyomoyo nilikuwa namwonea huruma. Akaniambia, "Simama kidogo, kaka. Subiri macho yarudi." Tukasimama. Mwezi ulikuwepo, sema mimi sikuwa nimeuona. Baada ya dakika kadhaa nikaanza kuona ncha za viatu vyangu, kisha kokoto za kijivu, kisha njia yenyewe ikipinda kushoto na kulia kwenda juu. Nikamfuata nyuma hivyo hivyo mpaka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, na kulipokucha taa yake ilikuwa bado na chaji ya kutosha.

Jicho la binadamu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mmuliko mmoja mkali unatosha kuifuta kazi hiyo yote. Ndiyo maana mwenye tochi kali huona kilichomo ndani ya duara lake tu. Nje ya duara ni kipofu, na anatembea na upofu wake kila aendako. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu sana macho yaliyozoea giza, na una faida nyingine ambayo wapishi wa kambini wanaijua vizuri: hauiti wadudu wengi kwenye sufuria. Taa yangu ya sasa ina mwekundu, na ndio ninaoutumia usiku mwingi. Ndani ya hema, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) mbili au tatu zinatosha kutafuta soksi bila kumwamsha mwenzako. Nne au tano, unasoma. Tochi ambayo mwanga wake wa chini ni lumeni 150 itakusumbua kila siku ya safari, hata kama boksi lake lina picha ya komando.

Turudi kwenye ile iliyozima. Baridi ilichangia, kwa kuwa betri yoyote hupoteza nguvu kwenye baridi, na zile za alkalini ni mbaya zaidi kwa sababu ndani yake kuna maji na kemia inakuwa nzito. Babu yangu alikuwa akianika betri za redio juani, mchana kutwa, ili jioni asikilize taarifa ya habari. Tulimcheka. Kumbe mzee alikuwa sahihi nusu: joto haliongezi umeme, ila linaisaidia betri iliyochoka kutoa kilichobaki. Mlimani ni habari ile ile kinyumenyume. Lala na betri zako ndani ya mfuko wa kulalia, zikigusa mwili. Na kama taa yako inatumia AA, tafuta zile za lithiamu zisizochajiwa. Ni ghali, ila ni nyepesi na zimetengenezwa kufanya kazi hata kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kilimanjaro haina.

Sababu ya pili ni ubahili wa mtengenezaji. Tochi ya betri ya lithiamu ya kuchajiwa huwa na sakiti inayokata umeme ili betri isikaushwe ikaharibika. Tochi iliyotengenezwa na mtu mwenye huruma hushuka ngazi kwa ngazi kabla ya kufika hapo, au hukonyeza, ikikuambia panga safari yako. Ya kwangu ilikata tu. Zile tochi za zamani za bati, za betri kubwa ambazo wengine huziita mawe, zilikuwa na kasoro nyingi, lakini zilififia kwa adabu: mwanga ukawa wa njano, ukawa wa chungwa, ukapata muda wa kufika nyumbani.

Sasa namba za kwenye boksi. Balbu ya H4, iliyo kwenye magari mengi ya mitaani kwetu, ikiwashwa fulu hutoa lumeni 1,650 hivi. Nimeona tochi ya kuingia mfukoni imeandikwa 100,000. Yaani ina taa sitini za gari ndani yake! Ingekuwa kweli, ungeungua mkono kabla hujaona kitu. Betri nazo ni hivyo hivyo. Ile ya mviringo inayoitwa 18650 imepewa jina kutokana na vipimo vyake, milimita 18 kwa 65, na katika ukubwa huo zile nzuri huishia kwenye mAh 3,500 hivi, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Ukiona imeandikwa 9,900, umeshika uongo mkononi. Ipime: halisi huwa na gramu 45 hadi 50. Nimewahi kuipeleka moja kwa muuza viungo jirani, akaiweka kwenye mzani wake wa iliki huku akinitazama kwa mashaka. Ilikuwa nyepesi ajabu.

Hata kampuni zisizodanganya zina ujanja wao. Kuna kipimo cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009, na tochi zenye kukifuata huonyesha alama zake kwenye boksi. Ni kizuri. Lakini saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo "lumeni 1,000, saa 30" inaweza kumaanisha dakika chache za maonyesho na saa nyingi za mwanga mdogo. Tazama kinywaji chako kwenye bilauri, usitazame povu.

Je, mwanga mkali hauna kazi kabisa? Unayo, nisiwe mbishi. Kambi za umma za Seronera, kule Serengeti, hazina uzio, na kutoka hemani kwenda chooni saa nane usiku ni safari ya kufikiriwa. Hapo nataka mwanga wa mbali, sekunde mbili, kushoto na kulia, nihesabu macho. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: macho ya fisi hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ukishika tochi kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni, na wewe hapo juu huoni kitu au unaona kidogo sana. Iinue mpaka usawa wa jicho lako, au vaa taa ya kichwani, na utayaona yakikutazama.

Njiani ni kinyume. Taa ya kichwani hufuta vivuli, mawe na mashimo yote yanaonekana bapa kama chapati, na hapo ndipo kifundo cha mguu kinapoteguka. Tochi ya mkononi, ikishikwa chini, hulaza kivuli nyuma ya kila jiwe. Na ukungu wa Lushoto, au ule wa Uluguru baada ya mvua, ndio kabisa: ukiwasha taa kichwani mwanga unagonga matone yaliyo mbele ya pua yako na kurudi machoni, unabaki umesimama mbele ya ukuta mweupe. Ishushe kiunoni, punguza mwanga, na njia inatokea. Kwa hiyo mimi hubeba mbili, ya kichwani na ndogo ya mkononi, zote zikitumia betri za aina moja.

Maji ni suala jepesi. Tochi yenye alama ya IPX4 huvumilia mvua, yenye IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa hema na matembezi ya kawaida ya kwanza inatosha, kwa mtumbwi chukua ya pili. Swichi ni suala zito kuliko linavyoonekana. Kitufe kilaini kinajiwasha ndani ya begi, na unafika kambini na tochi yenye joto isiyo na chaji. Ya kwangu nailegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko kabla ya kuipakia. Kama hilo haliizuii kuwaka, nachomoa betri.

Zile za kuchomeka ukutani, zenye betri ya risasi kama ya gari, ziache nyumbani zisubiri umeme ukatike. Ukiimaliza chaji kabisa ukaisahau kabatini miezi mitatu, imekufa.

Mwezi uliopita nilirudi Kariakoo kumtafutia mpwa wangu tochi ya safari yake ya kwanza. Duka la nne, kijana alipochoka na maswali yangu akainama chini ya kaunta akatoa kitu kidogo, boksi limepauka, alama za vipimo vyote ziko pembeni. Nikaibonyeza kwa muda mrefu. Akaifunika kwa kiganja, akaichungulia kwa jicho moja kuona kama kweli inawaka.

"Hii mbovu, bosi," akasema. "Nipe elfu ishirini tu, uondoke nayo."

Nilimwambia si mbovu. Hakuniamini, nikampa ishirini yake.